Kituo cha magari kinaitwa Indian Castle: maisha ya Bonde la Mohawk kabla ya Mapinduzi ya Marekani (uzi mrefu)

#1 MzigoMrefu

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni dereva wa trela huku jimbo la New York, ruti yangu kubwa ni Buffalo kwenda Albany na kurudi. Kati ya Herkimer na Canajoharie kuna kituo cha kupumzikia magari kinaitwa Indian Castle. Miaka miwili nimekuwa naingia pale, nachimba dawa, nanunua kahawa, nasepa. Jina wala sikulijali. Siku moja theluji ikafunga barabara, tukalala pale masaa kadhaa, nikaanza kusoma hilo jina limetoka wapi. Tangu siku hiyo sijatulia.

Nianze na hili. Tarehe 16 Desemba 1773 watu wa Boston walipanda kwenye meli tatu wakamwaga baharini makasha 342 ya chai. Hiyo wengi tuliisoma shuleni. Baadhi yao walijipaka masizi usoni, wakajitanda mablanketi, wakajiita Wamohawk, yaani taifa mojawapo la wenyeji wa asili wa Amerika. Swali langu likawa la kitoto tu: Wamohawk wenyewe usiku ule walikuwa wapi?

Walikuwa hapa ninapoegesha trela, kama kilomita 300 magharibi ya Boston. Na ninavyosoma maisha yao ya miaka ile, kuna uwezekano mkubwa walikuwa wanakunywa chai.

Nitashusha kwa vipande, maana naandika nikiwa nimeegesha.

#2 KigodaChaMbele

Nimefika mapema, kigoda changu hiki hapa. Shusha mkuu.

#3 MzigoMrefu

Kwanza tuwekane sawa kwenye majina. Wahindi Wekundu ni kosa la Columbus aliyedhani ametia nanga India, na sisi tukalibeba hivyo hivyo. Hawa ninaowasema wanajiita Haudenosaunee, yaani watu wa nyumba ndefu. Ni muungano wa mataifa matano: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca. Watuscarora walipokimbia vita kule Carolina Kaskazini wakapokelewa, wakawa wa sita, mwanzoni mwa miaka ya 1720. Nchi yao yote waliifananisha na nyumba moja ndefu iliyolala toka mashariki hadi magharibi. Mmohawk analinda mlango wa mashariki, Mseneca wa magharibi, Mwonondaga yuko katikati anatunza moto wa baraza.

Nyumba ndefu yenyewe ilikuwepo kweli: miti iliyopindwa, magome juu yake, familia za ukoo mmoja huku na huku, mioto katikati. Mwenye nyumba ni mama. Mwanamume akioa anahamia ukweni, watoto ni wa ukoo wa mama, na kwa Wamohawk koo ni tatu: dubu, mbwa mwitu na kobe. Chifu anateuliwa na mama mkuu wa ukoo, na akizingua, mama huyo huyo anamvua. Mashamba yako mikononi mwa wanawake. Kwa hiyo mzungu alipokuja na karatasi akitafuta wanaume wa kuweka alama, alikuwa anaomba shamba kwa mtu asiyelima. Mlishike hilo, nitalirudia.

Ila msidhani mwaka 1770 wote walikuwa bado kwenye magome. Humu bondeni familia nyingi zilishahamia nyumba ndogo za magogo na mbao, zina ng'ombe, farasi, nguruwe. Baada ya vita vya mapinduzi walipodai fidia, orodha zao zilikuwa na magari ya farasi, sleji za theluji na mifugo. Ungepita kwa mbali jioni, usingejua moshi upi ni wa Mjerumani na upi wa Mmohawk.

Shambani ni mahindi, maharage na maboga kwenye tuta moja. Hindi linasimama, haragwe linapanda juu yake, boga linatambaa chini kuzuia magugu. Wanaviita dada watatu. Mahindi yaliyokauka wanayachemsha na majivu mpaka ganda litoke, wanayasukasuka ndani ya kikapu majini, halafu wanatwanga kwenye kinu cha gogo.

#4 MamaWaKande

Subiri kwanza baba. Mahindi yaliyotolewa ganda, na maharage, chungu kimoja? Hayo si makande! Na kinu na mchi juu! Bibi yangu Lushoto anapanda hivyo hivyo, mahindi, maharage, maboga shamba moja, na hajawahi kuwasikia hao watu maisha yake yote.

#5 MzigoMrefu

Mama, hapo deni ni letu. Mahindi, maharage haya ya kawaida na maboga, asili yake vyote ni mabara ya Amerika. Vilivuka bahari kuja kwetu Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao. Bibi yako analima mbegu zilizochaguliwa na kina bibi wa kule kwa maelfu ya miaka. Tofauti niliyoona: mchi wao una vichwa viwili, umebonyea katikati pa kushikia, ukichoka upande mmoja unaugeuza.

Sasa tuje kwa walowezi. Wengi tunawaza mlowezi ni bwana mwenye wigi. Wa humu bondeni walikuwa wakimbizi. Mwaka 1710 Waingereza walipakia karibu Wajerumani 3,000 wa Palatinate, watu waliokimbia vita na baridi iliyoua mizabibu yao, wakawaleta New York watengeneze lami ya misonobari kwa ajili ya meli za kivita. Mamia walikufa. Mradi nao ukafa, wakaambiwa kila mtu ajitegemee. Kundi moja likaenda Schoharie, nchi ya Wamohawk, likaingia baridi ya 1712 bila chakula cha maana.

Humo kuna kijana wa miaka 16, Conrad Weiser. Baba yake alimpeleka akaishi kwa Wamohawk miezi kadhaa ajifunze lugha. Aliona njaa na baridi sawasawa na wenyeji wake. Alitoka pale anaongea Kimohawk, na ukubwani akawa mkalimani wa serikali ya Pennsylvania kwenye mabaraza yote mazito. Kijiji cha wakimbizi kilitoa mtoto ili kipate mdomo. Mimi niliyefika nchi hii na Kiingereza cha kuombea maji nilisoma hapo mara mbili.

Baada ya hapo ni maisha ya majirani, na mengine ni ya kawaida mno. Wamohawk kwenye mabaraza walikuwa wakiomba jambo moja kila mara: mhunzi. Bunduki ikiharibika hakuna nyama, na shoka butu ni tabu, hivyo fundi akiletwa kijijini ni habari kubwa kuliko askofu. Ngozi za wanyama zinaenda Albany au kituo cha Oswego, zinarudi kama vitambaa vya sufu, masufuria ya shaba, baruti, na ramu. Hiyo ramu ndiyo wazee waliilalamikia sana, na ndiyo wafanyabiashara waliipenda sana. Halafu kuna ng'ombe. Mlowezi anaachia mifugo ijitafutie porini, shamba la mama wa Kimohawk halina uzio, asubuhi mahindi hakuna. Wafugaji na wakulima wa kwetu hawahitaji kuelezwa.

#6 ChumviKidogo

MzigoMrefu mimi nakuheshimu ila hii ni chai na mandazi juu. Wazungu walikuja kuua na kunyang'anya, sasa unatuletea stori za kukopeshana sufuria? Na hizo shanga zao za wampamu si ndizo walizodanganyiwa, wakauza nchi kwa shanga?

#7 MzigoMrefu

Kunyang'anya kutakuja mkuu, sijalikimbia. Ila aliyenyang'anywa humu bondeni aliporwa na mtu anayemjua jina, aliyewahi kula kwake. Ndiyo maana nimeanza na sufuria.

Wampamu umeigeuza. Haikuwa shanga za mzungu kumdanganyia mwenyeji. Ni vipande vya magamba ya konokono na chaza wa pwani ya Atlantiki, vyeupe na vya zambarau, vimetobolewa na kusokotwa kuwa nyuzi au mikanda. Walowezi waliwahi kuzitumia kama fedha, kwa sababu fedha ya kweli ilikuwa adimu. Kwa Haudenosaunee ilikuwa ni neno lenyewe. Ukisema jambo barazani bila kuweka mkanda, umepiga soga tu. Ukiweka mkanda na mwenzako akaupokea, neno limeshikwa, na kuna mtu kazi yake ni kukumbuka mkanda huu ulisema nini miaka 40 iliyopita. Ikafika mahali wazungu wa Albany ndio wanaozitengeneza, kwa sababu bila hizo gavana hana pa kuanzia kuongea.

Na baraza lenyewe lilikuwa hivi. Wageni hawaingii kijijini moja kwa moja. Wanasimama ukingoni mwa msitu, moto unawashwa, wanapokelewa kwa maneno matatu: tunafuta machozi machoni mwenu, tunazibua masikio yenu, tunasafisha koo zenu. Maana mmetembea mbali, njiani mmepita makaburi, hamwezi kusikia wala kusema sawasawa mkiwa na msiba. Ndipo mnapumzika. Mkisema neno leo, jibu ni kesho, kwa sababu kujibu hapo hapo ni kumdharau msemaji. Magavana wa Kiingereza walikuwa wanakereka vibaya sana na hii, lakini walijifunza. Makoloni matatu manne yalikuwa yanatumia maneno yao: mnyororo wa urafiki, wa madini ya fedha, uliotufunga umeota kutu, tuusugue.

Watu waliozoea kuanza na pole ya msiba kabla ya shughuli wataelewa.

#8 BintiWaMto

Nimesoma mpaka chai imepoa. Swali: kulikuwa na wazungu walioishi kabisa kwa hao watu? Nasikia waliotekwa walikuwa hawataki kurudi.

#9 MzigoMrefu

Ni kweli dada, na iliwaumiza wazungu kuliko kifo. Kwa Haudenosaunee mateka anaweza kupewa familia iliyofiwa, anaoshwa, anapewa jina, anakuwa mtoto wa nyumba, habari imeisha. Eunice Williams, binti wa walowezi, alitekwa kule Deerfield, Massachusetts, mwaka 1704 akiwa na miaka 7. Baba yake, mchungaji, alirudishwa na akahangaika miaka kumkomboa. Binti alikua Kahnawake, kijiji cha Wamohawk kule Kanada, akaolewa na Mmohawk, akasahau Kiingereza. Alikuja kuwasalimia nduguze baadaye na akakataa kubaki. Alikufa 1785. Mary Jemison alizaliwa melini mwaka 1743, akatekwa Pennsylvania akiwa binti, akachukuliwa na Waseneca, akafia kwao mwaka 1833.

Mwaka 1764 kanali Bouquet aliwalazimisha Wadelaware na Washawnee wa Ohio warudishe mateka wote. Walirudishwa zaidi ya 200. Kuna waliofungwa kamba ili wasikimbie kurudi msituni. Mama anakuja kumchukua mwanaye, mtoto hamjui, amemshikilia mama wa kule.

Sisemi huko kulikuwa peponi. Kuna mateka waliouawa kwa mateso makali mno, na wapo waliotoroka kwa mbio. Ila wapo waliobaki kwa hiari yao.

#10 KigodaChaMbele

Mkuu huyo William Johnson ninayemsikia kila mahali ni nani? Umemruka.

#11 MzigoMrefu

Sikumruka, nilimwekea akiba.

Johnson ni Muayalandi aliyefika 1738 kusimamia ardhi ya mjomba wake Peter Warren, afisa wa jeshi la majini. Akafungua duka. Wenzake wa Albany walipima ngozi kwa mizani ya wizi, yeye akalipa vizuri kidogo, akajifunza Kimohawk, akavaa kama wao, akacheza ngoma zao akiwa amejipaka rangi. Wakampa jina Warraghiyagey. Kufikia 1756 mfalme amemfanya msimamizi wa mambo ya wenyeji wa kaskazini yote. Mwaka 1763 akajenga Johnson Hall, nyumba ya mbao iliyokwanguliwa na kupakwa ionekane ya mawe. Nimefika, ipo Johnstown, unaingia. Kwenye kishikio cha ngazi kuna makovu, wenyeji wanasema ni shoka la Joseph Brant, kiongozi wa vita wa Wamohawk. Sijaapa.

Kuna stori wanampigia hiyo. Chifu Hendrick wa Canajoharie aliona koti jekundu la Johnson lenye dhahabu, kesho yake akasema, nimeota umenipa koti lile. Johnson akampa. Siku chache baadaye Johnson akasema, nami nimeota umenipa ardhi ile ya mtoni. Hendrick akampa, akamwambia tusiote tena. ChumviKidogo, hii ndiyo chai, maana wanaisimulia pia juu ya Conrad Weiser na chifu mwingine. Ila imepikwa na mtu anayejua mapishi: Haudenosaunee walichukulia ndoto kwa uzito, mtu akiota haja fulani jamaa zake wanajitahidi kuitimiza. Na Johnson alipata ardhi kweli. Wacanajoharie walimkatia kipande cha zaidi ya ekari 60,000.

Mwenye nyumba ile hasa, kwangu mimi, ni Molly Brant. Mmohawk wa Canajoharie, dada wa Joseph Brant. Aliishi na Johnson tangu mwisho wa miaka ya 1750, wakakuza watoto wanane. Kanisani hawakufunga ndoa ya Kiingereza, kwa desturi ya kwao alikuwa mke. Wageni wa heshima wanakuta amekaa kichwani mwa meza, anamimina chai kwenye vikombe vya kaure, nje kuna machifu 40 wanasubiri kulishwa, na yeye ndiye anajua nani anakula wapi na nani amekosana na nani. Johnson alikuwa na cheo. Molly alikuwa na ukoo, na kwa Haudenosaunee ukoo ndio unaoamua.

#12 MwalimuWaZamu

Umeandika vizuri ila mbona hujataja weusi? Johnson huyo alikuwa na watumwa.

#13 MzigoMrefu

Shikamoo mwalimu, umenibana pazuri. Ndiyo. Johnson alikuwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa watumwa eneo lile, na vikombe vya Molly vilioshwa na watu weusi. New York koloni zima lilikuwa na utumwa. Joseph Brant naye alimiliki watu. Nilipozunguka Johnson Hall niliuliza walilala wapi, nikaonyeshwa. Nilikaa kimya.

#14 MzigoMrefu

Nimepata masaa mawili ya kupakua mzigo, tuingie kwenye karatasi.

Mfumo wa New York ulikuwa hivi. Unaomba kibali cha gavana kununua ardhi kwa wenyeji. Unatafuta Wamohawk wachache, wowote, ikibidi uwaleweshe kwanza. Wanaweka alama ya ukoo, kobe au dubu, kwenye hati yenye mipaka kama "toka kijito mpaka kilima". Gavana anachukua ada yake, anatoa hati ya mfalme. Miaka inapita. Siku moja anakuja mpima ardhi na mnyororo, na kile kijito kimegeuka kuwa cha mbali.

Kayaderosseras ndiyo maarufu. Hati ya 1708, watu 13, eneo la mamia ya maelfu ya ekari ambayo Wamohawk walisema hawajawahi kuyauza. Walidai miaka na miaka, ikamalizwa 1768 kwa malipo kiduchu. Canajoharie walikuwa na malalamiko yao: ardhi chini ya miguu ya kijiji chenyewe ilipimwa usiku, kwa mbalamwezi, ili wenyewe wasione. Ule ujinga wa kuibiwa kwa mbalamwezi, nikipita pale usiku huwa naukumbuka.

Pennsylvania ndiyo funga kazi. Mwaka 1737 wana wa William Penn, mwanzilishi wa koloni hilo, walitoa karatasi ya zamani inayosema Walenape (ndio hao hao Wadelaware) waliuza ardhi "kadiri mtu anavyoweza kutembea kwa siku moja na nusu". Walenape wakajua ni kutembea kwa kawaida, ukichoka unakaa unavuta kiko. Wenzao walikuwa wamesafisha njia msituni na kutafuta vijana watatu wenye mbio. Wawili wakaanguka njiani. Wa tatu, Edward Marshall, akamaliza zaidi ya kilomita 100. Zaidi ya ekari milioni moja zikaenda. Na Walenape walipogoma, aliyewafukuza kwa maneno makali mbele ya baraza mwaka 1742 ni Canasatego, msemaji wa Haudenosaunee. Mzungu alikuwa amemnunua jirani amsaidie.

Mwaka 1753 Hendrick alishuka mpaka New York, akamwambia gavana Clinton kwamba ule mnyororo wa urafiki umekatika, akaondoka. London ikashtuka kiasi cha kuamuru mkutano wa makoloni Albany mwaka 1754. Mwaka uliofuata Hendrick huyo huyo, mzee tayari, akafa akiwapigania Waingereza Lake George.

#15 PwaniTulivu

Hapo kwenye alama za ukoo nimemwona Karl Peters wazi wazi, 1884, Usagara na Ukami, karatasi za Kijerumani na machifu wasiojua kilichoandikwa.

#16 MzigoMrefu

PwaniTulivu, karatasi zinafanana. Tofauti ni kwamba Peters alipita wiki chache akaondoka. Huku walibaki majirani miaka 60, wakizikana na kubatiziana watoto, kesi ikiwa haijaisha.

#17 MzigoMrefu

Mwaka 1763 Waingereza wamemshinda Mfaransa. Wenyeji wa maziwa makuu na Ohio wanaona ngome zinabaki, zawadi na baruti zimekatwa, wanaingia vitani chini ya chifu Pontiac na wengine. Mfalme anaogopa gharama, tarehe 7 Oktoba anatoa tangazo: mlowezi asivuke milima ya Appalachia. Mstari ule ulichukiwa na maskini aliyetaka shamba na tajiri aliyekwishanunua hisa za ardhi ng'ambo. George Washington alikuwa miongoni mwa matajiri hao. Aliuona kama hatua ya muda ya kuwatuliza wenyeji, na mwaka 1767 akamwagiza mtu amtafutie ardhi nzuri huko kimya kimya.

Turudi Desemba 1763, Conestoga, Pennsylvania. Kulikuwa na kijiji kidogo cha Wasusquehannock waliobaki, wakristo kadhaa, wanaishi kwa kuuza mifagio na vikapu kwa majirani. Tarehe 14 genge la walowezi wa Paxton likaja alfajiri likaua sita. Serikali ikawaweka 14 waliobaki ndani ya nyumba ya kazi mjini Lancaster kwa usalama wao. Tarehe 27 genge likarudi mchana, likawaua wote 14, watoto wakiwemo. Hakuna aliyehukumiwa. Benjamin Franklin aliandika kwa hasira, akitaja wazee wale kwa majina. Walikuwa wateja na wauza mifagio wa watu waliowaua, au wa jirani zao.

Kuanzia hapo rangi ikawa kosa. Kabla ya hapo ungeuliza wewe ni wa taifa gani, wa ukoo gani, wa upande gani.

Mwaka 1768 Johnson aliitisha mkutano Fort Stanwix. Wenyeji zaidi ya 3,000 walikuja, wakalishwa wiki kadhaa. Tarehe 5 Novemba Haudenosaunee wakauza eneo kubwa kusini ya mto Ohio kwa zaidi ya pauni 10,000. Eneo lile walikuwa wanawinda Washawnee na Wacherokee, nao hawakuulizwa. ChumviKidogo, hapo hakuna malaika: mzungu alinunua bila kumuuliza mwenye mali, na Haudenosaunee nao wakauza ya mwenzao ili msukumo wa walowezi uelekee kusini, usiwashukie wao.

#18 MwalimuWaZamu

Sasa unapotosha. Mapinduzi ya Marekani yalikuwa kodi bila uwakilishi: stempu 1765, chai 1773. Usiyageuze yote kuwa ardhi ya Wamohawk.

#19 MzigoMrefu

Mwalimu, kodi siikani. Lakini ile kodi ya stempu ilikuwa ya nini? Kuchangia askari takriban 10,000 waliobakizwa Amerika baada ya vita, na sehemu ya kazi yao ni kukaa mpakani na kulinda ule mstari. Mlowezi analipishwa kodi ya askari anayemzuia kwenda kwenye shamba alilokwisha kulitamani. Mwaka 1774 bunge la London likaiweka nchi ya Ohio chini ya Quebec, wakaona wamefungiwa mlango kabisa. Kisha soma lile tamko la uhuru la 1776 mpaka mwisho wa orodha ya makosa ya mfalme. Kosa la mwisho ni kwamba amewachochea wenyeji, na wenyeji wanaitwa washenzi wasio na huruma.

Bondeni hapa hesabu yenyewe ilikuwa mbaya. Johnson alipohesabu wapiganaji mwaka 1763, Waseneca walikuwa 1,050 na Wamohawk 160 tu. Mwaka 1772 ikaanzishwa wilaya ya Tryon yenye walowezi maelfu, mwaka 1773 wakaongezeka Waskoti wa nyanda za juu. Wamohawk walikuwa kisiwa.

#20 MwalimuWaZamu

Hiyo ya askari nakubali. Ardhi kuwa sababu kuu bado sijakubali. Endelea.

#21 MzigoMrefu

Julai 1774 Haudenosaunee mamia walikuja Johnson Hall, wana hasira, kule Ohio Wavirginia wameua watu wao. Joto kali. Tarehe 11 Johnson alisimama juani akahutubia muda mrefu, akaishiwa nguvu, akabebwa ndani, akafa jioni ile. Mwili wake ulizikwa na wazungu, na siku iliyofuata Haudenosaunee wakafanya ibada yao ya kufuta machozi. Cheo kikaenda kwa mkwewe Guy Johnson. Molly akahamisha vitu vyake na watoto, akarudi Canajoharie kwao, akafungua duka.

Miaka mitatu baadaye, vita vya mapinduzi vimeanza. Agosti 6, 1777, Oriskany, jenerali Nicholas Herkimer, wa uzao wa Wajerumani wa Palatinate, anapeleka wanamgambo 800 kuokoa ngome ya Fort Stanwix. Molly anatuma wakimbiaji kumwonya Mwingereza kwamba wanakuja. Kwenye korongo wanavamiwa na Wamohawk, Waseneca na walowezi wa mfalme walioongozwa na mtoto wa Johnson. Upande wa Herkimer wapo Waoneida. Upande wa pili yupo ndugu yake Herkimer wa tumbo moja. Mvua ilipokatiza mapigano, watu walipata muda wa kutazamana, na walijuana. Herkimer alipigwa mguu, akaegemezwa mti, akaendelea kutoa amri huku kiko mdomoni. Alikufa siku kumi baadaye.

Kisha Wamohawk na wenzao wakachoma kijiji cha Waoneida. Waoneida na wanamgambo wakaja Canajoharie wakapora nyumba ya Molly. Mwaka 1779 Washington akamtuma jenerali Sullivan, vijiji 40 hivi vikateketezwa, na mahindi ya dada watatu yakakatwa yakiwa yamekomaa. Amani ya 1783 ikasainiwa Paris bila kuwataja wenyeji kwa neno moja.

#22 BintiWaMto

Na hilo jina la kituo?

#23 MzigoMrefu

"Castle" ndivyo wazungu walivyoita kijiji cha Wamohawk chenye boma. Kilikuwa pale pale juu ya kituo, na ndicho kijiji cha Canajoharie cha kina Hendrick na Molly. Kimebaki kanisa dogo jeupe la mbao ambalo Johnson aliwajengea mwaka 1769. Wenyeji wanasimulia kwamba Wamohawk waliokimbia walirudi usiku kuchukua kengele yao, wakasahau kufunga ulimi wake. Ikalia njiani, walowezi wakaamka, wakawanyang'anya.

#24 ChumviKidogo

Kengele yao wenyewe?

#25 MzigoMrefu

Yao wenyewe.

#26 MamaWaKande

Hao watu wapo bado baba, au ndio walikwisha?

#27 MzigoMrefu

Wapo mama. Wengi walihamia Kanada, Grand River, na wengine wapo Akwesasne na Kahnawake. Mwaka 1993 kundi la Wamohawk lilirudi bondeni, likanunua shamba kwenye mnada karibu na Fonda, likaliita Kanatsiohareke. Wanafundisha lugha pale. Ni jina lile lile la Canajoharie: chungu kinachojiosha chenyewe. Kwenye mji wa leo wa Canajoharie kuna shimo la mviringo kwenye mwamba wa kijito, maji yanazungusha mawe ndani yake mpaka limechongeka kama chungu. Dada wa dukani pale mjini aliniambia ni dakika kumi kwa miguu toka ninapoweka mafuta. Jumamosi sina mzigo.